Wimbo wa Baba na Betri za Kuanika

Ihanda, 10 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Ferista,

Marahaba. Najua ulikuwa unajiandaa kuniamkia, nimeitikia kabisa tusipoteze karatasi. Mimi mzima, mgongo mzima, meno yaliyobaki yote mazima. Huku mvua inapiga mpaka kuku wanalala mchana. Mahindi yangu yamesimama kuliko ya Emanueli, mzee wa kanisa, ingawa yeye anaombea ya kwake kila Jumapili. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Rozi jirani kuku wake wamekwisha wote kwa kideri. Wangu wamekataa kufa.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma mtu. Niliishia darasa la nne kwa hiari yangu, mwalimu ndiye aliyesikitika.

Najua unapiga simu haipatikani. Nimeizima, nimeifukia kwenye debe la mahindi. Sababu ni kubwa. Ninajifunza gitaa.

Sasa sikiliza. Judith wako alipokuja Krismasi kunionyesha mchumba, huyu Ezron mtoto wa mzee Ngassa, Msukuma wa kule bondeni Momba, aliniambia hivi: "Mjomba, siku ya sendofu, mkiniaga kwenda kuolewa, nikiwa namtafuta Ezron ukumbini, ningependa nimtafute kwa wimbo wa babu." Alisema tu hivyo, akaendelea kula ndizi. Lakini neno likishaingia kwangu halitoki. Baba yake hayupo, Mungu amrehemu. Nani atamtangulia binti kati ya meza, mchumba amejificha katikati ya ndugu zake na watu wote wanangoja amwone? Mjomba. Na mjomba ni nani? Mimi. Nitatangulia na gitaa, yeye atanifuata.

Mkanda wa baba ninao mimi, ni mmoja tu duniani. Baba anapiga na kuimba "Tabita Njoo na Kikapu", ule aliomtungia mama msimu wa kuchuma kahawa. Gitaa nimelipata Mlowo, nimetoa baiskeli. Waya mmoja ulikuwa umekatika, nimefunga wa breki, na sasa ndio unaolia kuliko wenzake.

Kitabu sitaki, mwalimu sitaki. Napiga kwa kusikia. Naweka mkanda kwenye redio, nasikiliza kipande, nazima, nakitafuta kwenye nyuzi mpaka nikikamate. Na mtu anayejifunza kwa sikio lazima alilinde sikio. Simu inaacha mbu humo ndani. Ndiyo maana nimeifukia mpaka sendofu ipite. Ukiwa na neno andika, mpe Rabson akipita na lori lake.

Hapa nilipumzika, mkono ulikufa ganzi. Sasa nimemaliza.

Kaka yako mkubwa,
Osea Anania, mpiga gitaa


Tunduma, 2 Aprili 2024

Kaka Osea,

Shikamoo, na hiyo marahaba yako ya mapema nimeipokea. Sisi wazima. Vitenge vinatoka, Wazambia wanavuka tangu asubuhi, "mulishani mukwai, mulishani mukwai," mpaka jioni na mimi namwamkia mwanangu hivyo hivyo. Tope limefika mlangoni kwa duka.

Kaka, nimecheka peke yangu dukani hadi mteja akaondoka. Simu kwenye debe! Basi.

Sendofu ni tarehe 14 Septemba, ukumbi tumepata hapa hapa mjini. Judith kasikia habari ya gitaa, karukaruka kama mtoto. Na mimi nakuambia ukweli, umechagua vizuri. Wimbo ule baba akiugusa tu, hakuna aliyebaki kwenye kigoda. Mama alikuwa anacheza na kikapu kichwani mpaka kahawa inamwagika, baba anazidi kukimbiza, mama anazidi kumwaga. Unafaa kabisa kwa binti anayemtafuta mchumba. Atazunguka meza mara mbili, atamwona, vigelegele, tunakula.

Umefika wapi? Usijitese na vile vipande vya katikati, vinakwenda mbio mno kwa vidole vya mzee.

Mdogo wako,
Ferista


Ihanda, 21 Aprili 2024

Kwa Ferista,

Salamu za nyumbani. Pacha mmoja wa mbuzi ni dume, nimemwita Mwenyekiti. Mvua haijakatika. Emanueli ameteleza kwenye tope mbele ya kanisa akiwa na suti, mimi sikucheka, nilikohoa.

Vidole vya mzee umesema wewe. Vidole hivi vimechuma kahawa miaka yote bila kuvunja tawi.

Halafu kuna jambo. Unasema wimbo unakwenda mbio. Mdogo wangu, wewe ulikuwa mtoto, mtoto akizungushwa huona nyumba inakimbia. Mimi nina mkanda, nasikiliza kila siku. Wimbo ule hauna mbio hata kidogo. Ni wimbo wa mtu mzima. Unatembea kama mzee anayevuka mto na mzigo. Na sauti ya baba, Ferista, sauti ya baba! Nzito, inatoka chini, kama fahali zizini. Nilikuwa nimesahau kwamba tulizaliwa na mtu wa namna ile.

Mwezi wa tatu nilikuwa napiga haraka zaidi kidogo, sasa nimegundua nilikuwa nakosea. Kila wiki mkanda unanionyesha uzito mpya. Nimelegeza nyuzi mara mbili ili niufuate chini unakokwenda. Kazi inayonisumbua ni jua. Betri zangu nilizoea kuzianika kwenye bati asubuhi, jioni zinafanya kazi, lakini na mvua hii nazipanga pembeni ya figa. Zinapata joto, nazing'ata kidogo, zinaamka.

Jumamosi iliyopita nilitoa kiti barazani nikaupiga wote, mwanzo mpaka mwisho. Sijafika katikati, nikamwona Rozi anakuja na kuni kichwani, kajifunga khanga kiunoni. Nyuma yake wanawake wawili na unga. Rozi akatua kuni uani, akaniuliza taratibu, "Baba, nani ametutoka?"

Nikamwambia, "Hakuna aliyetoka, huu ni wimbo wa sherehe."

Akanitazama. Akasema, "Pole sana," akaenda kuwasha moto.

Walikaa mpaka jioni. Emanueli alifika na Biblia. Kila nikieleza, wanatikisa vichwa, wananiambia nisizuie machozi. Kuni sikurudisha. Ni nzuri, za mkaratusi.

Wako,
Osea Anania


Tunduma, 12 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Judith kapimwa gauni. Foleni ya malori imefika mbali, barua yako imelala kwa Rabson siku nyingi kwenye kioo cha gari, imeungua upande mmoja, lakini imesomeka.

Sasa nitasema polepole, kama unavyopenda mambo yawe polepole. Baba yetu hakuwa na sauti ya fahali. Baba alikuwa na sauti ya beberu. Nyembamba, ya puani. Kanisani walimweka na wanawake. Nilikuwa nalala mgongoni kwake akiimba, sauti hiyo ilinipita mfupani, usiniambie mimi.

Na swali ni moja tu, kaka. Betri za hiyo redio ulinunua lini?

Betri zikichoka mkanda unazunguka pole, na sauti inashuka. Anajua hata mbuzi wako Mwenyekiti. Wewe hujifunzi wimbo wa baba, unajifunza kifo cha betri. Nunua mpya leo hii, hata hapo Ihanda zipo.

Naomba unijibu hilo.

Ferista


Ihanda, 9 Juni 2024

Kwa mdogo wangu,

Baridi imeingia, asubuhi umande unauma kama kiroboto. Kahawa tumeanza kuchuma, matunda mekundu, mengi, mpaka Emanueli amekuja kutazama akajifanya anatafuta jembe lake. Ng'ombe wa Rozi amevunja ua wangu, tumesameheana.

Katika barua yako kulikuwa na swali. Sikuliona.

Habari kubwa ni kwamba nimejulikana. Baada ya ile Jumamosi walifiwa kweli upande wa kule chini, wakaja watu wawili wazima na kofia mkononi, "Mzee Osea, tunaomba ule wimbo wako." Nikakataa. Wakasema kuna wali. Nikaenda. Ferista, nilipogusa waya wa breki tu, hata wachimba kaburi waliacha majembe. Wiki iliyofuata Mlowo. Kisha nimepelekwa mpaka Galula nyuma ya pikipiki, gitaa tumelifunga kwenye shuka. Huko walilia hadi watu waliokuwa wanapita njia, hawamjui marehemu, wamebeba samaki wao. Fundi majeneza wa Mlowo ameniwekea kiti mbele ya karakana yake, anasema nikikaa pale saa moja tu, watu wanaingia kuulizia mbao.

Nawaambia wote kwamba ni wimbo wa sendofu. Wanasema mzee ana utani.

Na wimbo bado unaendelea kukua. Mwezi wa nne, neno "Tabita" nililimaliza kwa pumzi moja. Sasa nikianza "Taaa", Rozi anaweka chai motoni, nikifika "bita" imechemka. Baba alikuwa na kifua! Mwisho wa mkanda sauti yake inazama kabisa, unasikia kama ardhi inageuka upande wa pili kulala. Hapo pananitesa, waya hazifiki. Nitafika.

Judith mwambie avae viatu vya kumkaa vizuri.

Osea Anania, mpiga gitaa wa Mbozi yote


Tunduma, 30 Juni 2024

Kaka Osea,

Shikamoo. Leo sina habari za duka.

Mama mkwe mtarajiwa, mama yake Ezron, Nyanzobe, alipita Mlowo kumzika ndugu wa mume wake. Akakuta mzee anapiga gitaa la kuua. Akalia mpaka akaanguka, wakampepea. Akauliza, "Yule ni nani?" Wakamwambia, "Osea wa Ihanda, ana mpwa anaolewa Momba." Sasa amekuja hapa kwangu, amekaa kwenye kiti changu, hajagusa chai. Ameniuliza, "Mama Judith, huo ndio mtakaotupigia siku ya kumpokea binti? Mnatukabidhi mke au mnatukabidhi maiti?"

Nilimjibu nini? Nilisema hapana, huo ni mwingine. Nimedanganya mgeni ndani ya nyumba yangu.

Kaka, wale ni watu wa ng'ombe, wanajua kurudi nyumbani. Mzee Ngassa akisema jambo lina mkosi, hakuna wa kumgeuza. Judith hajui lolote, anaimba tu nyumba nzima.

Nimempa Rabson betri mpya, ziko kwenye karatasi, bado na plastiki yake. Usizianike. Usizing'ate. Ziweke kwenye redio, usikilize, halafu ujifunze hivyo. Muda upo.

Nakuomba kama mdogo wako.

Ferista


Ihanda, 14 Julai 2024

Kwa Ferista,

Hatujambo, kahawa inaendelea, Mwenyekiti ameota pembe.

Betri nimezipokea. Mimi si mtu wa kukataa bila kujaribu, nikaziweka. Kwanza redio ikaruka kama imekanyagwa. Halafu wimbo ukatoka unakimbia kama mwizi wa kuku. Huwezi kukamata hata neno moja, "Tabita-njoo-na-kikapu-Tabita-njoo," na kijitu ndani yake kinalia kwa pua. Rozi alikuwa uani anapepeta, akaanza kutikisa mabega. Nikazima haraka.

Mdogo wangu, umeuziwa feki. Hapo mpakani kwenu kila kitu ni feki, kuanzia dawa za mswaki. Betri hizo zina haraka ya Tunduma. Zinamsukuma baba kama utingo anavyosukuma abiria. Mtu kafariki tangu nikiwa kijana, anakimbizwa wapi? Nimezitia kwenye tochi. Tochi inawaka vizuri, hapo sina ubishi.

Hicho kijitu cha puani sicho baba. Mimi nimekaa na baba yangu miezi mitano sasa, kila jioni, yeye na mimi na redio. Ananisubiri. Nikikosea hakasiriki, anarudi tena pole pole zaidi. Alipokuwa hai hatukuwahi kukaa hivyo hata siku moja, alikuwa na haraka sana.

Mama mkwe mpe salamu. Mwambie alilia vizuri, niliona.

Osea Anania


Tunduma, 4 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Kamati ya sendofu imekaa. Muziki wote atapiga kijana Ayoub na spika zake. Wewe utakuja kama mjomba, utavaa koti, utamtangulia Judith, utakaa mbele, utakula. Gitaa libaki Ihanda.

Siyo mimi peke yangu niliyeamua. Usinikasirikie.

Ferista


Tunduma, 1 Septemba 2024

Kaka Osea,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaandika. Rabson anasema barua yangu uliisoma umesimama, ukaikunja ndogo, ukaitia mfukoni, ukamuuliza hali ya matairi.

Nimepiga simu nikitumaini umeifukua. Bado.

Imebaki chini ya wiki mbili. Mzee Ngassa ametuma mtu kuuliza, mjomba ndiye atakayemwongoza binti? Nikasema ndiye. Akasema vizuri, maana binti akiongozwa na mtu mwingine wakati mjomba yu hai, kwao hiyo ni nyumba yenye ugomvi na hawapeleki kijana kwenye ugomvi. Nikamwambia mjomba anakuja. Huo ni uongo wa pili.

Jana nilimweleza Judith yote, betri, misiba, mama mkwe aliyepepewa. Nilijua atalia. Akasema, "Mama, nilimwomba mimi. Hakuna mtu mwingine aliyefanya kitu miezi sita kwa sababu nilisema neno moja nikila ndizi. Aje na gitaa lake."

Nikamwambia, "Na wakwe wakiondoka?"

Akasema, "Nitawatafuta."

Basi njoo. Na gitaa. Nakuomba tu, kama unaweza, kaza mwendo kidogo.

Ferista


Ihanda, 8 Septemba 2024

Ferista,

Nakuja Ijumaa na Rabson. Mwenyekiti nakuja naye, ni wa mchuzi. Kukaza mwendo sijui.

Osea


Tunduma, 22 Septemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Uliondoka Jumapili kabla ya chai, hukuaga mtu, wanasema ulikasirika kwa sababu wageni walivua kofia ulipoanza kupiga. Sasa nakaa niandike yale ambayo hukuyaona, maana baada ya zile kofia ulitazama nyuzi tu.

Wewe unakumbuka mshereheshaji alisema, "Sasa binti amtafute mchumba wake!" Ukagusa waya. Hukumwona Ayoub anakuja mbio kwako akipunga mikono usimame. Alikuwa ameshapata habari, lakini hakukuwahi. Wakati huo huo Nyanzobe alinivuta kitenge, uso umemwisha damu. "Mama Judith, mtoto hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Hayupo ukumbini. Gari la Ezron limekwama katikati ya malori, kushoto lori, kulia lori. Tulidhani atawahi."

Kaka, nilitaka sakafu ifunguke. Watu wote wale, mwanangu anamtafuta mtu ambaye hayumo! Wimbo wa Ayoub ungekwisha dakika tatu, binti angebaki amesimama katikati ya ukumbi mikono mitupu, na Tunduma yote ingesema ameachwa.

Nikakutazama. Ulikuwa bado kwenye "Taaa".

Nikamfuata Judith kama ninayemrekebisha ushungi, nikamnong'oneza. Hakushtuka hata kope. Akashika mwendo wako, hatua moja kwa kila waya unaolia. Meza ya kwanza akamtazama kila Msukuma usoni, mmoja mmoja, kama daktari. Akainua kofia ambazo wazee walizitua mezani, akatazama chini yake. Akafunua kitambaa cha meza. Akamgeuza mpiga picha. Wewe unakwenda mbele, yeye nyuma, na watu wameanza kulia. Mwanzo wale wa kutoka Mlowo waliokujua, halafu meza nzima ya wauza mchele. Bibi mmoja alisimama akamtia Judith rambirambi mkononi. Judith akapiga goti, akapokea, akaendelea kutafuta.

Mlimaliza meza zote. Nikasema sasa tumekufa. Wewe ukageuka, ukaanza ubeti wa pili.

Wapishi waliacha vyungu wakaja kusimama mlangoni, wanajifuta kwa aproni. Mzee Ngassa alikuwa ameinamia fimbo yake. Na hapo, kati ya wapishi, nikaona suti imejaa vumbi jekundu. Ezron kashuka kwenye gari, kapanda pikipiki ya mtu, kapita katikati ya matairi ya malori, kaingia kwa mlango wa jikoni. Akajichomeka nyuma ya mama mwenye sufuria la pilau. Judith akamwona. Lakini hakukimbia, kaka! Alikusubiri. Alikwenda hatua kwa hatua mpaka ulipofika kule mwisho, kule ulikosema ardhi inalala, ndipo akamshika mkono.

Vigelegele vilitoa vumbi kwenye dari. Mzee Ngassa akasimama, akasema mbele ya wote, "Nimeona mabinti wengi wakitafuta mchumba, wanatazama huku na huku kama wanatafuta choo. Huyu ametafuta! Huyu hata ng'ombe akipotea msituni, atarudi naye." Nyanzobe akanikumbatia, tukalia wote wawili, na hiyo ilikuwa ya furaha. Harusi ni mwezi ujao bondeni. Wanakutaka wewe na gitaa. Kwa hiyo zile kofia, kaka, zilikuwa ni heshima, na chai yangu bado inakudai.

Sasa usije ukajaza kichwa. Sijasema ulikuwa sahihi. Wimbo ule ni wa haraka na baba alikuwa beberu, nitasema hivyo hata mbele ya malaika. Ila ulipokuwa ubeti wa pili nilimwona mama. Siyo yule anayecheza. Yule wa jioni, anarudi na kikapu kimejaa, anapanda mlima wa nyumbani, hana haraka na mtu. Nilikuwa nimemsahau huyo.

Nina ombi moja, na nalisema sasa nikiwa na nguvu za kubishana. Siku yangu ikifika usinipigie huo wako. Watu watalia mpaka wapelekwe hospitali, na mimi sitaki kupelekwa kaburini kwa hatua moja kila mlio. Nipigie ule wa haraka, wa baba wa puani. Niondoke nikiwa natikisa mabega. Niahidi.

Mdogo wako,
Ferista


Ihanda, 13 Oktoba 2024

Kwa mdogo wangu Ferista,

Marahaba. Mimi mzima. Jua sasa ni kali, nyasi zimekauka, tunangoja mvua za kupandia. Emanueli ameanza kujifunza kinanda, simsemi, Mungu anamsikia mwenyewe. Rozi anakusalimu. Fundi majeneza ameninunulia mto wa kukalia.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ile ya tatu nilimsomea Rozi kwa sauti, hasa pale pa mzee Ngassa. Ni kama nilivyopanga. Unadhani sikujua kijana hayupo? Sikujua, lakini sikio lilijua. Sikio liliniambia, "Osea, usikimbie, kuna mtu yuko njiani." Ubeti wa pili nilikuwa na nia ya kuuacha, mguu uliniuma. Nikasikia Judith nyuma yangu hajasimama, nami nikaona nisisimame.

Wakwe waambie nakuja bondeni. Waandae kiti chenye mgongo.

Sasa ombi lako.

Nimelitafakari siku nyingi kuliko nilivyotafakari kubadilisha baiskeli. Nilikaa nalo barazani, nikaenda nalo shambani nikipogoa kahawa, nikarudi nalo. Jana nilishika gitaa nijaribu kutafuta huo wa haraka kidogo tu, nione kama upo. Vidole vilikataa. Nikavituma tena, vikakataa. Nikaliweka gitaa chini, nikakaa mpaka Rozi akaja kuuliza mbona kimya.

Basi jibu langu ni hili, na usiniandikie tena juu yake. Wimbo wa haraka mimi siujui. Kujifunza mwingine sijifunzi, nimesema. Na huu nilio nao umesema hutaki.

Kwa hiyo wewe usife.

Kaka yako,
Osea Anania